Kuunda Roboti Darasani: Mwongozo kwa Walimu wa Nduta, Kibondo na Kasulu

Mwalimu mwenzangu uliye katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, au katika shule yoyote ya nyanda hizi za juu za Kigoma, ambaye umesikia habari za wanafunzi wa miji mikubwa kuunda mashine zendazo zenyewe, ukajiuliza kama jambo hilo laweza kufanyika katika darasa lenye watoto wengi na madawati machache, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Nao umejengwa juu ya rai moja, ya kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuunda roboti haimo katika vyuma wala nyaya, bali imo katika kupanga amri kwa taratibu isiyoacha tundu, na ya kwamba sehemu hiyo huweza, tena hupasa, kuanza kabla ya kompyuta kufunguliwa.

Wala asikutie mtu wasiwasi kwamba elimu hii si ya watu kama sisi. Mwaka 1206, huko Diyar Bakr, fundi mahiri Ibn al-Razzaz al-Jazari, aliyekuwa akiwatumikia wafalme wa nasaba ya Artuq, alikamilisha kitabu cha kueleza mitambo ya ajabu, na miongoni mwayo ni mashua yenye sanamu za wapiga ala, ambazo mikono yao iliinuka na kushuka kwa kusukumwa na vijiti vilivyopachikwa katika mhimili uzungukao, kila kijiti kikigusa wenzo wake kwa zamu yake. Karne nyingi baadaye Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon huko Marekani kuitoa lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo kwayo watoto walimwamrisha kobe wa mitambo atambae sakafuni na kuchora maumbo. Na mwezi Julai 2017, katika mashindano ya roboti ya vijana wa mataifa yaliyofanyika Washington, palikuwapo kikosi cha vijana wakimbizi kilichoitwa Team Hope, kilichokaa meza moja na vikosi vya nchi tajiri kabisa.

Ama kuhusu gharama, yakumbuke yaliyotokea mwaka 2012, mtandao wa African Robotics Network, wenye mkono wa Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, ulipotangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia ambayo bei yake ingekaribia dola 10 tu. Tom Tilley, mkazi wa Thailand, alileta roboti iliyogharimu dola 8.96, aliyoiunda kutokana na kidude cha mkononi cha kuchezea michezo ya video, ambacho tangu mwanzo mna mota mbili ndani yake, na pipi mbili za kijiti akazifanya uzito wa kuisawazisha. Wakazi wa Nduta, ambao watoto wao hutengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya ndala na vifuniko vya chupa, watafahamu upesi kuliko wengi kwamba ubunifu huo ni wa jinsi ileile waijuayo.

Anza basi na somo lisilohitaji senti. Mteue mwanafunzi mmoja awe roboti, umfunge macho kwa kitambaa safi, umsimamishe mlangoni, kisha uwaambie wenzake kwamba muradi ni kumfikisha kwenye ubao bila kugusa dawati lolote, nao hawana ruhusa ya kunena neno ila kuandika amri zao zote mapema juu ya karatasi, moja chini ya nyingine, ambazo msomaji mmoja atazisoma kama zilivyo. Utaona mara ya kwanza wataandika “nenda mbele, kisha geuka,” na yule aliyefungwa macho, kama umemfundisha vema kutii neno na kutolitia maana asiyoambiwa, atakwenda mbele bila kusimama hata akutane na ukuta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aende hatua ngapi. Wataandika upya, “nenda mbele hatua nne, geuka kulia”; naye atageuka kidogo tu, au atageuka akatazama alikotoka, maana kiasi cha kugeuka hakikutajwa. Wataandika mara ya tatu, “geuka kulia robo ya mduara.” Usiwasaidie. Kila neno wanaloliongeza wameligundua kwa haja yake, na lililogunduliwa kwa haja halisahauliki.

Katika somo hili la kwanza ndipo mtapatana juu ya lugha ya amri, jambo ambalo Nduta lina uzito wake, maana katika darasa moja huenda mkasikika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa cha vitabu, na mwanafunzi wa kijiji jirani akaongeza Kiha chake. Chagueni maneno machache, matano au sita, yaandikwe kwa herufi kubwa juu ya vipande vya boksi: ENDA MBELE, RUDI NYUMA, GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO, SIMAMA, RUDIA. Vipande hivyo vitakufaa hata kwa sababu nyingine, kwamba katika miezi ya masika, mvua inapopiga mabati, sauti ya mwalimu haisikiki, ilhali kipande cha boksi kilichoinuliwa juu husomwa na wote.

Siku ya pili au ya tatu, wanafunzi wakiisha kupanga safari nzima kwa vipande hivyo na kuijaribu kwa mwenzao, walete kwenye mwili wa mashine. Mwili hautaki mengi: ubao mwepesi au boksi gumu lenye ukubwa wa daftari, mota mbili, magurudumu mawili, na kitu laini cha kuburura mbele au nyuma kiwe mguu wa tatu, ambacho kifuniko cha chupa kilichopinduliwa chatosha kukifanya. Kama shule imepewa, au imenunua, zile mota ndogo za manjano ziuzwazo pamoja na magurudumu yake, kazi imekuwa nyepesi, kwa sababu ndani yake mna meno ya kupunguza mbio. Kama hamna, muendee fundi redio wa Kibondo au Kasulu, au umwagize aendaye huko, akutafutie mota za radio-kaseti zilizokufa; ila ujue kwamba mota ya radio-kaseti huzunguka kwa mbio sana na nguvu yake ni haba, hata ukiifunga gurudumu moja kwa moja haitausukuma ubao. Dawa yake ni mpira. Uvike mpira mwembamba kutoka kwenye ncha ya mota yenye upana wa milimita 6 hadi kwenye kisahani cha upana wa milimita 60 kilichogandishwa na gurudumu, na hapo gurudumu litazunguka mara moja kila mota inapozunguka mara kumi, na nguvu ya kusukuma itaongezeka kwa karibu kiasi hichohicho, isipokuwa ile ipoteayo katika msuguano. Mwalimu wa hesabu anayefundisha uwiano asiache siku hiyo ipite bila yeye kuwapo.

Kuhusu betri nina neno la kusisitiza. Betri za simu zilizotupwa ni rahisi kupatikana, nazo huwavutia vijana, lakini zikitobolewa, au ncha zake zikigusana, huvimba na kushika moto; kwa hiyo usiziruhusu darasani. Tumia betri kavu nne za volti 1.5, zilizopangwa mfululizo zikatoa volti 6, ambazo hazimdhuru mtoto. Na panapohitajika kulehemu, kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja mzima, nje, penye upepo, watoto wakitazama kwa mbali. Vinginevyo kusokota waya barabara na kuuzungushia tepu nyeusi ya umeme kutawafikisha.

Sasa tumefika kwenye ubongo. Vipo vibao vidogo vya kielektroniki viwezavyo kushika amri zilizoandikwa na mwanadamu, na kimojawapo kilichoenea sana mashuleni ni Arduino, kilichozaliwa katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, kisha kikafuatwa na micro:bit ya Uingereza, iliyogawiwa wanafunzi wa huko mwaka 2016. Nitakieleza cha kwanza. Jambo la kulijua kabla ya yote ni kwamba amri zikiisha kupelekwa ndani yake kwa waya hubakia humo hata umeme ukikatwa, na hata kompyuta ikiondolewa; kwa hiyo kompyuta moja yaweza kuhudumia vikundi vingi, kila kimoja kikija kwa zamu kupeleka amri zake na kuondoka. Programu ya kuandikia amri hupakuliwa mara moja penye intaneti, mjini au ofisini, na baada ya hapo hufanya kazi bila intaneti kabisa. Na kompyuta ya mkononi iliyochajiwa kwa jua asubuhi yatosha kwa vipindi vya siku hiyo. Walio katika kambi ya Nyarugusu, ambako madarasa ya Instant Network Schools ya UNHCR na Vodafone Foundation yaliwekewa umeme wa jua na vishikwambi, wamekwisha ondokewa na nusu ya taabu hiyo.

Kibao cha Arduino hakiwezi kuizungusha mota peke yake, na hapa ndipo wengi huunguza vifaa. Tundu moja la Arduino hutoa mkondo wa miliampea 20 kwa salama, ilhali hata mota ndogo hudai mara nyingi ya kiasi hicho inapoanza kusukuma mzigo. Kwa hiyo kati ya ubongo na mota huwekwa kibao cha pili, ambacho mafundi hukiita kwa nambari yake, L298N, kazi yake ikiwa kupokea amri dhaifu kutoka kwa ubongo na kuiruhusu betri ipeleke nguvu yake kwenye mota. Kibao hicho nacho hula takriban volti 2 njiani, hata zile volti 6 hufika kwenye mota zikiwa kama 4, na mota ya manjano hutosheka nazo. Waya wa hasi wa betri sharti uunganishwe na tundu la Arduino lililoandikwa GND. Waya huu mmoja ukisahauliwa, taa zitawaka, kila kitu kitaonekana kizima, na mota hazitatii. Kabla ya kuitilia shaka programu, mwambie mwanafunzi autafute waya huo kwa kidole chake.

Programu yenyewe huandikwa kwa lugha yenye maneno ya Kiingereza, lakini huna haja ya kuwatisha watoto kwayo. Lugha hiyo humruhusu mwandishi kuunda majina yake mwenyewe ya amri, maadamu jina halina nafasi katikati na herufi kubwa na ndogo zimetumika vilevile kila mara. Wewe, mwalimu, andika mara moja, kwa utulivu, nyumbani, maelezo ya endaMbele, geukaKulia, geukaKushoto na simama, yaani ni matundu gani yawashwe na yapi yazimwe kwa kila mojawapo. Kisha wanafunzi wataandika safari yao kwa majina hayo tu, wakitaja muda kwa milisekunde, ambazo 1000 kati yake ni sekunde moja. Vile vipande vya boksi vya siku ya kwanza sasa vimekuwa programu, na darasa litaliona hilo lenyewe. Kwa wadogo zaidi, au kwa shule yenye kompyuta bila vibao, programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, huweza kuwekwa kwa Kiswahili na kutumiwa bila intaneti, na paka wa kwenye kioo akapokea amri zilezile.

Mkiisha kuiwasha, haitakwenda sawa. Nalisema hili mapema ili usivunjike moyo wala usikimbilie kuirekebisha kwa mkono wako, maana kukosea kwa roboti ndiko somo lenyewe, na mwalimu anyoshaye kila kosa amewanyang’anya wanafunzi kile walichokijia. Kosa la kwanza litakuwa kupinda. Mtaiamuru iende mbele, nayo itachukua upande wa kushoto au wa kulia, kwa sababu mota mbili, hata zikitoka kiwanda kimoja, hazizunguki kwa mbio sawasawa. Pigeni mstari wa mita 2 sakafuni kwa chaki, muiweke roboti mwanzoni, mpime kwa rula imeuacha mstari kwa sentimita ngapi ilipofika mwisho. Kisha, kwa kuwa mbio ya kila mota huandikwa kwa nambari kati ya 0 na 255, mpunguze nambari ya mota iliyo na kasi zaidi kidogo kidogo, tuseme kutoka 200 hadi 190, mpime tena. Kila kikundi kiwe na daftari lenye safu nne: tulichoamuru, kilichotokea, sababu tunayoidhani, na kitu kimoja tutakachobadili. Kimoja, si viwili, kwa maana ukibadili viwili na mashine ikatengemaa hutajua ni kipi kilichoiponya.

Kosa la pili ni lenye faida kuliko yote. Kikundi kitajaribu mpaka kipate kwamba kugeuka kulia kwa milisekunde 500, kwa mfano, huleta pembe mraba kamili, nao watashangilia. Baada ya vipindi viwili roboti ileile, kwa amri ileile, itageuka pungufu, nao watakuja kwako wakisema programu imeharibika. Waulize ni nini kilichobadilika tangu asubuhi. Wapo watakaoitazama programu na kuikuta haijaguswa, na mwishowe mmoja atazitaja betri. Hapo wamefahamu, kwa akili yao, kwamba muda si kipimo cha pembe, na kwamba mashine isiyoona wala kupapasa haiwezi kujua kama imefika. Na ufahamu huo ndio unaowafungulia mlango wa vihisio.

Kihisio chepesi kuliko vyote ni kile cha mwanga usioonekana kwa macho, ambacho hutuma miali chini na kupima irudiyo, nayo hurudi nyingi juu ya cheupe na chache juu ya cheusi. Tandika salfeti nyeupe ya unga, upande usio na maandishi, uivute iwe kavu na nyofu juu ya ubao, kisha ubandike tepu nyeusi ifanye njia yenye kona. Vihisio viwili vikifungwa mbele ya roboti, kimoja kila upande wa tepu, kanuni yake ni maneno manne tu: vyote vikiona cheupe, enda mbele, cha kushoto kikiona cheusi, geuka kushoto, cha kulia kikiona cheusi, geuka kulia, vyote vikiona cheusi, simama. Usiweke njia hiyo juani wala karibu na dirisha lisilo kioo, kwani jua nalo lina miali ya jinsi hiyohiyo, na kihisio kitapofuka. Ukilazimika, kizungushie ukingo wa karatasi nyeusi. Wala usiiendeshe roboti juu ya sakafu ya udongo, maana vumbi jekundu la huku huingia katika mhimili wa magurudumu, na gurudumu la plastiki huteleza juu yake pasipo kusogea.

Kihisio cha masafa, kiitwacho HC-SR04, ni cha pili. Hutoa sauti isiyosikika na sikio la mwanadamu, husubiri mwangwi wake urudi kutoka ukutani, na muda wa kusubiri ukizidishwa kwa mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, kisha ukagawanywa kwa mbili, hupatikana umbali. Wakumbushe ile kugawanya kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi.

Yabaki ya watu. Kikundi kisizidi watano, na kazi zake zizunguke kila kipindi: mwandishi wa daftari, mfunga nyaya, mpangaji wa amri, mpimaji, na msemaji wa kueleza darasani yaliyotokea. Usipofanya hivyo, kijana mmoja hodari ataikumbatia mashine na wengine watakuwa watazamaji, na aghalabu wasichana ndio watakaoachiwa daftari mwaka mzima. Mwalimu aliyeruhusu hilo amefundisha watu wachache tu, hata kama roboti yake imekwenda vizuri. Nduta ina sababu yake zaidi ya kuzungusha kazi. Kambi hii ilifunguliwa tena Oktoba 2015, Nyarugusu ilipofurika watu waliotoka Burundi, na tangu Septemba 2017 zimekuwa zikiondoka familia zinazorejea kwao, hata mwanafunzi uliyemzoea Ijumaa yaweza kuwa Jumatatu hayupo. Kikundi ambacho elimu ya nyaya ilikuwa kichwani mwa mmoja kitakwama siku hiyo. Kikundi ambacho kila mmoja amepita katika kila kazi kitaendelea.

Kwa sababu hiyohiyo nakusihi ulipe daftari thamani kuliko roboti yenyewe. Mwisho wa muhula, toeni betri, fungueni mota na vibao, mviweke katika kopo kavu kwa ajili ya darasa lijalo, maana vifaa ni vichache na watoto ni wengi; lakini kila mwanafunzi aondoke na daftari lake, lenye mchoro wa nyaya uliochorwa kwa mkono wake, majina ya amri, na zile safu nne za makosa na sababu zake. Kama yuko atakayerejea Ruyigi au Makamba, huko Burundi, kabla ya muhula kwisha, mpe kipindi kimoja cha kunakili yale ambayo hajayanakili, na umwache ayanakili hata kama wenzake wanamngoja nje.